Sentimita Sita za Mbele

Ulikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nakosea. Mvua nyingi ilikuja mwaka uliofuata, nayo ina sehemu yake humu, tutaifikia. Huu ninaousema ni mwaka ambao barabara ya kwenda sokoni ilichimbwa upande mmoja ikaachwa hivyo hivyo, magari yakawa yanapishana kwa madereva kutazamana machoni kwanza. Mwaka huo ndio Mzee Taratibu alipoinyanyua pua ya pikapu yake.

Jina la Taratibu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa stendi ya pikapu, nyuma ya duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ambako magari saba au nane hupanga mstari kusubiri mizigo ya saruji, mabati na mbao. Miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha bila kugonga hata kuku. Waliokuwa nyuma yake barabarani walipata muda wa kusoma maandishi yote ya mlango wake wa nyuma, kisha wakayarudia.

Pikapu yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Redio yake ilikamata stesheni moja tu. Mlango wa abiria ulitaka uunyanyue kidogo ndipo ufunguke, jambo ambalo mtu mmoja tu alilijua bila kufundishwa mara mbili, naye ni mkewe.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Sokoni walimwita Mama Mapazia, na nyumbani pia jina hilo lilikuwa limeingia, hata wajukuu walilitumia. Kila Jumatano na kila Jumamosi furushi lake lilitupwa nyuma ya pikapu, naye akapanda mbele. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu alipoteleza kwenye sakafu iliyomwagwa maji ya sabuni, kwa hiyo alikuwa na namna yake ya kupanda: mkono wa kulia ashike mpini ulio juu ya mlango, mguu wa kulia aukanyagishe kizingiti, aseme "Haya!" kama anayemhimiza punda, na tayari ameshakaa.

Toka getini mpaka sokoni kwa mwendo wa mtu mwingine ni dakika kumi na tano. Kwa mwendo wa Taratibu zilikuwa arobaini, na mkewe hakuwahi kumwambia aongeze kasi. Nyumba yao ilikuwa na wajukuu watatu, cherehani mbili na binti wa mwisho aliyekuwa bado hajaolewa. Humo ndani ukisema neno, watu wanne wanalidaka kabla ya yule uliyemwambia. Mambo yote mazito yaliamuliwa ndani ya pikapu. Paa libadilishwe lini, mjukuu gani apelekwe kupimwa macho, shangazi gani asialikwe tena kwa sababu ya mdomo wake. Mkewe alikuwa akisema, "Nyumba yetu ina vyumba vinne, na cha tano kina matairi."

Sasa niseme kilichomponza.

Pikapu hutengenezwa nyuma ikiwa juu kuliko mbele. Ukipakia mzigo nyuma inakaa chini, gari linalingana. Ikiwa tupu inaonekana imeinamisha kichwa. Waliotengeneza walijua wanachofanya, lakini waliotengeneza hawakuwahi kukaa stendi ile na shemeji yake Taratibu.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wake Mama Mapazia, naye pia dereva wa pikapu, mtu wa kofia na maneno. Aliinunua yake ikiwa tayari imenyanyuliwa mbele, imesimama sawasawa kama meza. Na stendi, kumbuka, ndipo mahali ambapo magari husimama matupu.

"Shemeji," angeanza asubuhi, mbele ya watu wote, "gari lako limeangusha nini?"

"Halijaangusha kitu."

"Mbona linatafuta chini? Au ni sindano ya dada?"

Kicheko.

"Mwacheni," mwingine angedakia, "linasikiliza kama barabara inakuja."

Taratibu alikuwa akicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Lakini Jumapili moja, alipokuwa anaiosha pikapu yake uani, alirudi nyuma hatua kumi na ndoo mkononi akaitazama kwa ubavu, na ikawa kweli: ilikuwa imeinama. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona. Tangu dakika hiyo hakuweza kuona kitu kingine.

Jumatano akamwambia mkewe wakiwa njiani.

"Nataka kuipandisha mbele."

"Ikipanda itabeba mifuko mingi zaidi?"

"Hapana."

"Itakula mafuta kidogo?"

"Hapana."

"Sasa inapandia nini, Baba?"

"Isimame sawa."

Mama Mapazia alimtazama kwa jicho la pembeni, akafunga fundo la kanga yake upya. "Wewe na mdogo wangu mna mashindano ya watoto wa chekechea. Haya, gari ni lako. Ila usilipandishe sana."

Alilisikia neno hilo. Asije mtu akasema hakulisikia. Alidhani tu mkewe anaogopa gharama.

Fundi aliyemwendea alikuwa fundi wa chini ya gari peke yake. Injini hakuijua wala hakutaka kuijua. Alikuwa bonge la mtu mwenye sauti ndogo, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, na ukutani kwake shokapu na springi zimening'inizwa kwa mpangilio kama nguo za harusi. Alimwekea Taratibu mezani vitu vitatu. Cha kwanza, jozi ya spesa, yaani vipande vinene vya chuma vya mviringo vinavyokaa juu ya shokapu na kuisukuma pua ya gari juu. Cha pili, springi mpya ndefu kuliko za zamani. Cha tatu kilikuwa seti nzima ndani ya boksi, shokapu na springi zake pamoja, zimepakwa rangi nyekundu.

"Hii nyekundu ni nzuri sana," fundi alisema, "kwa mtu anayekwenda milimani kupiga picha. Wewe unakwenda milimani?"

"Nakwenda kupeleka saruji."

"Basi tuirudishe ndani isije ikachafuka."

Springi ndefu nazo aliziweka kando. Zingefanya pikapu iruke ikiwa tupu, akasema, na mgongo wa mzee si wa kurukishwa. Zikabaki spesa. Akachukua futi, akapima toka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, mbele, kisha nyuma. Tofauti ilikuwa sentimita sita.

"Mzee, nikuulize. Hili gari hutembea tupu siku ngapi kwa wiki?"

"Jumapili. Na ninaporudi kutoka kushusha."

"Sasa sisi tunaipimia nguo siku ambayo haiendi shughulini. Niletee ikiwa na mifuko ishirini mgongoni nipime tena. Nadhani utaikuta imelingana yenyewe."

"Fundi, wanaonicheka wananicheka ikiwa tupu."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, akazidi kuichafua. "Basi tuweke ya sentimita tatu. Itapungua kuinama, na ikibeba haitatazama angani."

"Tatu itabaki imeinama."

"Kidogo."

"Hata kidogo wataiona. Hujui shemeji yangu. Weka sita."

Kazi ilichukua nusu ya siku, Ijumaa. Taratibu alikaa juu ya kreti la soda lililofudikizwa akitazama. Pikapu ilipigwa jeki, ikaegeshwa juu ya vigingi vya chuma, matairi ya mbele yakavuliwa. Fundi alifungua nati tatu za juu ya shokapu na boliti moja ya chini, akaichomoa shokapu na springi yake kama anayemng'oa mtu jino bila kumuumiza. Spesa ikakaa juu yake. Kisha ikaja kazi ya kuirudisha, maana sasa imekuwa ndefu na nafasi ni ile ile: fundi alikandamiza mkono wa tairi kwenda chini kwa nondo, uzito wake wote juu, huku akiibembeleza kwa ile sauti ndogo, "Njoo, mama, njoo, kidogo tu," mpaka tundu likaonana na tundu. Upande wa pili hivyo hivyo. Akanyoosha mwelekeo wa matairi, akateremsha taa zisipige watu machoni.

"Umekuwa mrefu," alisema akimkabidhi funguo. "Uangalie unapopanda."

Taratibu alipanda kwa kuruka kidogo, akacheka. Miguu yake ilikuwa mizima.

Stendi, shemeji aliizunguka pikapu mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi. Mwisho akapiga mluzi. "Sasa hili ni gari. Jana ulikuwa na mbuzi anakunywa maji."

Ilikuwa siku njema ile. Sitaki kumnyima.

Jumamosi asubuhi, kama kawaida, alisogeza pikapu karibu na baraza la nyumba. Mkewe alipandia pale barazani, ambapo sakafu iko juu, kwa hiyo hakuona tofauti. Sokoni alishuka kwa kuteleza na sketi, akasema, "Ee, kumbe ndefu hivi," akaenda zake. Wote wawili hawakulifikiria tena.

Saa kumi jioni mkewe alikuja stendi kupanda warudi nyumbani. Stendi haina baraza. Ni kokoto tu. Madereva wote walikuwepo, na wapakiaji, na muuza maji. Alinyanyua ule mlango kwa namna yake, akaufungua, akashika mpini, akapeleka mguu. Mguu haukufika. Akajaribu tena kwa kujirusha, "Haya!" Nyonga ikakataa. Mara ya tatu goti lilifika kwenye kizingiti, na ndala moja ikamtoka ikaanguka kokotoni, akabaki amening'inia kwenye mpini, mguu mmoja ndani, mmoja hewani.

"Dada!" mdogo wake akapaza sauti. "Tukuletee ngazi ya dukani? Wanazo za alumini!"

Stendi nzima ikavunjika mbavu.

Na Taratibu akacheka. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mkono ungeweza kumfikia. Alicheka kwa sauti, ameegemea usukani mpaka honi ikalia kidogo, na hiyo honi ikawachekesha watu upya. Mdogo mtu alikuwa na haki yake ya kumtania dada yake, wametoka tumbo moja, wamegombania mto mmoja utotoni. Na mkewe mwenyewe alicheka. Alijishusha, akatafuta ndala yake kwa vidole vya mguu, akaivaa, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Tangulia, Baba," akasema. "Nina kitambaa nakwenda kukitazama. Nitarudi na jirani."

Naye akatangulia! Aliwasha gari, akaondoka na furushi la mkewe nyuma, bado anacheka peke yake mpaka kwenye kona ya kwanza.

Jumatano iliyofuata mkewe alisema ataondoka na jirani, maana jirani ana kigari kidogo, kinamshusha mlangoni kabisa. Jumamosi hivyo hivyo. Taratibu aliona ni mambo ya wanawake na soga zao. Wiki ya tatu aliona kimya. Aliwasha redio, stesheni ikawa inatangaza bei za mbolea, akaizima. Dakika zile arobaini zilimwelemea mpaka akajikuta anaendesha kwa kasi. Wenzake wakashangaa. "Taratibu, leo umefukuzwa na nani?"

Alifikiria kutengeneza kingazi cha mbao. Mbao anazo, misumari anayo. Lakini kingazi kingelazimika kukaa kwenye gari, na stendi wangekiona, na shemeji angekipa jina. Akasema wiki ijayo. Ikawa wiki nyingine.

Halafu siku moja, akishusha mabati, shemeji akamwambia, "Basi tarehe kumi na nne tuvae suti, au shati linatosha?"

"Tarehe kumi na nne kuna nini?"

Shemeji alimkazia macho akidhani anataniwa. "Wageni wa binti yako. Wanakuja kujitambulisha. Si mmepanga?"

Mke wake hakumficha. Jioni ile Taratibu alimwuliza, naye akajibu huku anaunga uzi kwenye sindano, "Nilidhani nimekwambia. Nilishazoea ninayoyawaza asubuhi ya Jumatano wewe umeshayasikia." Na ilikuwa kweli. Alikuwa amesahau kwamba hayo mambo sasa hayana mahali pa kusemwa.

Mvua zikaja, zile nilizozitaja. Mchana mmoja Taratibu alipakia mifuko thelathini ya saruji, akaifunika turubai. Nyuma ilikaa chini kama ilivyozoea. Mbele, ambayo tayari ilikuwa imenyanyuliwa, ikatazama mawingu. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi, mwepesi mno, na kwenye kona ya ile barabara iliyochimbwa alikata kushoto, matairi yakakata, gari likaendelea mbele kama halijaambiwa. Lilipokubali kusimama, bampa ilikuwa shubiri moja kutoka kibanda cha mshona viatu.

Mshona viatu alitoka na kiatu kimoja mkononi. "Mzee, ulikuwa unatazama ndege?"

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi siku ya pili. Fundi hakusema si nilikwambia. Alizing'oa zile spesa, akarudisha kila kitu kilipokuwa, akazifunga kwenye gazeti akampa. "Ni zako," alisema.

Sasa nifike pale ambapo ningependa, kama hadithi ingekuwa yangu kuigeuza, nipageuze.

Taratibu alirudi nyumbani amefurahi kuliko siku ile ya kwanza. Hakuegesha barazani. Aliegesha katikati ya ua, ardhini, makusudi. Akafungua mlango wa abiria, akauacha wazi, akaita.

"Mama Mapazia! Njoo uone!"

Alitoka, futi yake ya kushonea shingoni, akichechemea. Akatazama gari, akatazama mlango ulio wazi.

"Limeshuka," akasema.

"Limeshuka! Kama zamani."

"Kwa nini umelishusha?"

Swali jepesi. Mtu mwongo kidogo angelijibu vizuri. Lakini Taratibu hakuwa na uongo karibu, na habari ya jana ilikuwa bado imemjaa kifuani, akaimwaga yote: mifuko thelathini, usukani, kona, kibanda, shubiri moja tu, yule mtu na kiatu chake. Alionyesha hata kwa mikono jinsi pua ilivyokuwa imetazama juu.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, kwa moyo kabisa, akamshika bega. Kisha akasema, "Kwa hiyo umelishusha kwa ajili ya saruji."

"Ndiyo," Taratibu akajibu.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa kitambaa na akaridhika na kipimo. "Basi ipakie saruji, Baba."

Akarudi ndani. Baada ya muda kidogo cherehani ikaanza kulia. Taratibu alibaki ameshika mlango, na alichotakiwa kusema kikamjia chote, neno kwa neno, mahali pake pamekwisha kupita.

Kesho yake alijaribu. "Na kwa ajili yako pia nililishusha."

"Na mimi pia," mkewe akakubali, akicheka. "Mfuko wa thelathini na moja."

Nisimsingizie mama wa watu, alipanda tena. Alipanda siku ya harusi ya binti, alipanda kila alipopelekwa kutazamwa nyonga. Alishika mpini, akasema "Haya!" Lakini njiani alitazama dirishani, na akiulizwa neno alijibu neno. Wakifika alishuka polepole, akaufunga mlango kwa kuunyanyua, akasema, "Asante sana, Baba." Miaka yote ya nyuma hakuwahi kumshukuru kwa kumbeba. Taratibu angependa amtukane.

Na kigari cha jirani kiliendelea kuja Jumatano na Jumamosi.

Zile spesa mbili hazikutupwa. Mama Mapazia alizikuta kwenye gazeti lake, akaona ni nzito na zimelainika vizuri, akazichukua. Anazitumia kwenye meza ya kukatia, kukandamiza kitambaa kisikimbie: moja mwanzo wa pazia, moja mwisho. Kila Jumanne zipo mezani, na Taratibu akipita kwenda uani lazima azione.

Kuna swali lililomkaa Taratibu. Alimwuliza shemeji kwanza, siku moja foleni ilipokuwa ndefu. Shemeji akasema, "Kicheko gani? Siku gani hiyo?" Hakuwa anajifanya, alikuwa amesahau kweli. Alimwuliza fundi, naye fundi akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka akaja mteja mwingine.

Mwisho akamwuliza mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, wajukuu wako shule, nyumba imetulia kama chumba cha tano kilivyokuwa. Mkewe alikuwa ameinamia kitambaa cha kijani, mkasi mkononi. Taratibu alisimama mlangoni, kofia ameivua. Mkasi ulikwenda mpaka mwisho wa kitambaa bila kusimama, na mkewe akasogeza spesa moja mbele kidogo, akalainisha mkunjo kwa kiganja, akaanza upande wa pili. Labda hakusikia, kwa sababu ya mkasi. Alichokuwa amemwuliza ni hiki: "Mama, kilichokushusha ni zile sentimita sita, au ni mimi nilivyocheka?"